Barua Niliyowashia Pasi

Uani kwa dobi, 3 Machi 1938

Wewe kijana wa Nyumba ya Juu,

Acha kuniletea mashati safi!

Unadhani mimi kipofu? Shati la mistari lilitoka hapa kwangu limenyooka, lina wanga wangu na mikunjo yangu. Limerudi kesho yake na mikunjo ile ile, halijagusa bega la mtu. Jeupe la mikono mirefu hivyo hivyo. Leo umeleta jingine, kola ingali ngumu kama kibao, halafu unaniambia kwa sauti ya mgonjwa, "Bibi, naomba lifuliwe." Lifuliwe nini? Wanga wangu?

Nimeelewa. Mtu akirudisha nguo kwa dobi bila kuivaa anasema kitu kimoja tu: hujui kufua, rudia. Kama una maneno, yatoe mdomoni. Mimi nimefua nguo za nyumba yenu tangu baba yako hajawa Jaji, ni wakili mchanga mwenye joho moja. Nepi zako nimezifua mimi, na sikumwambia mtu yaliyokuwemo. Leo na wewe umesoma, umekuwa wakili, ndiyo uniambie sijui kazi?

Basi imekwisha. Kuanzia leo nguo za Nyumba ya Juu, zako, za mama yako, joho la baba yako na kola zake, tafuteni pa kuzipeleka.

Na jambo jingine. Ukija kuchukua hayo mashati simama nje. Ukisimama mlangoni unamzibia mjukuu wangu mwanga, na kwenye cherehani hakushonwi gizani. Juzi kwa ajili yako ameshonea mkono wa blauzi shingoni.

Mimi,
Bibi Dobi


Nyumba ya Juu, 5 Machi 1938

Bibi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana sikuthubutu kukaa. Naapa sikukusudia kukudharau. Hakuna dobi kama wewe. Baba amekwenda mahakamani na kola iliyolegea kama jani la kabichi, na mama hasemi na mtu.

Ukweli ni kwamba mashati yangu machafu yaliisha. Mtu mmoja atachafua mashati mangapi? Nilipokosa la kuleta, nikaleta safi. Kilichonileta hakikuwa kwenye kikapu. Kinakaa dirishani nyuma ya cherehani, na ninyi mnakiita Sindano. Siku moja nilijifanya nina haraka, akaniambia bila kuinua macho, "Mwenye haraka hatuletei shati moja moja." Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Naomba ruhusa nije tuzungumze kwa adabu, mchana, mlango ukiwa wazi.

Mwanao,
Wakili


Uani, 6 Machi 1938

Wakili,

Shikamoo yako nimeiona. Sijaiitikia.

Nilikuwa na hasira moja, sasa ninazo mbili. Hukuja kunidharau, sawa, hiyo nimeifuta. Lakini umenifulisha wanga wangu mwenyewe, kwa maji niliyobeba kwa kichwa changu, ili upate kumtazama mtoto wa watu! Ungesema tu kwamba umekuja kutazama, ningekufukuza mapema, sote tukapumzika.

Jibu langu ni hapana. Na usinihoji kwa nini, hapa si mahakamani. Sindano ni mtoto wa marehemu mwanangu. Nimemlea tangu hajaota meno, nikamweka kwenye cherehani miguu haifiki chini, leo ana kazi yake na wateja wake. Wewe ni mtoto wa nyumba ambayo wenyewe hawajui chumvi inakaa wapi. Leo utamtaka, kesho utamchoka, na mama yako atamtafutia aproni ya mtumishi. Nimeona mengi nikianika uani kwenu.

Usije. Usiandike. Ikija barua nyingine nitawashia pasi.

Bibi Dobi


Nyumba ya Juu, 14 Machi 1938

Bibi, shikamoo.

Najua umenikataza kuandika. Hii ni ya mwisho. Nimehamishiwa mahakama ya mji wa karakana ya reli. Naondoka mwisho wa mwezi huu, na nitakaa huko mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo utapumzika, na mlango wako utapata mwanga wote.

Naomba jambo moja tu. Mwambie Sindano kwamba sikuondoka kimya kimya kama mwizi. Nimekatazwa, nami nimetii. Na siku moja moyo wako ukilegea hata kidogo, unajua nilipo.

Mwanao,
Wakili


Uani, 28 Machi 1938

Binti yangu,

Najua unakaa huko unajidai una kazi nyingi za ovaroli za mafundi wa reli, huna wa kukusaidia. Sasa umepata. Nakuletea Sindano, mtoto wa kaka yako. Anakuja kwa treni ya keshokutwa na sanduku lake la bati na uso wa kununa. Usimbembeleze. Mpe ovaroli ashone.

Sababu ni kijana wa Nyumba ya Juu, yule wakili. Anamtaka. Nimekataa. Hapa njia ni moja na watakutana tu, lakini huko kwenu, kwenye moshi mtupu wa reli, watu wa namna ile watafuata nini? Huko kichwa chake kitapoa.

Kijana aliandika tena juzi juzi. Sikuifungua. Niliitia kwenye pasi chini ya mkaa, ikashika moto mara moja. Karatasi za wenye nazo zinawaka vizuri sana. Hilo usimwambie Sindano hata kidogo. Nakujua, mdomo wako hauna kifungo. Safari hii kishone.

Na asikae dirisha la barabarani. Mkalishe la uani.

Mama yako


Mji wa karakana, 20 Aprili 1938

Bibi yangu, shikamoo, na tena shikamoo!

Niliondoka bila kukuamkia, kwa hiyo pokea na ya siku ile. Nilinuna njia nzima. Nilimwambia hata mama niliyekaa naye kwenye benchi kwamba bibi yangu ni mkatili. Sasa natamani nimpate yule mama nimweleze upya.

Dirisha la uani lina moshi wa karakana, shangazi akanihamishia la barabarani. Basi nimekaa, nani anaingia na koti la mahakamani lililokatika kifungo? Tumetazamana mpaka shangazi akauliza kama tumegeuka picha ya ukutani.

Ameniambia yote, Bibi! Kwamba alikuandikia anahamia huku, na kwamba moyo wako ukilegea unajua alipo. Nawe hukusema neno. Ukanifungia sanduku, ukanifokea, ukanitia kwenye treni ya kuja huku huku! Kumbe ulikuwa unakubali kwa kufoka! Nimecheka, nimelia, nimejichoma kidole. Yeye siku hiyo hiyo ameandika kwa mama yake kwamba umeridhia.

Asante. Najua hupendi kushukuriwa, kwa hiyo nimemaliza.

Wako,
Sindano

Mama, ni mimi binti yako. Uliniagiza habari za pasi nisimwambie hata kidogo. Sijamwambia. Mdomo nimeushona kwa uzi wa ovaroli.


Nyumba ya Juu, 27 Aprili 1938

Kwa Dobi,

Mwanangu ananiandikia kwamba umemkubalia amwoe mjukuu wako. Sikujua kwamba ruhusa hiyo inatolewa uani kwako. Ninavyoelewa, ulijua amehamishiwa wapi, ukamtuma msichana amfuate. Umecheza vizuri, hilo nakiri.

Sina ubaya na binti huyo. Anashona vizuri. Lakini mke wa mwanangu atakaa meza moja na majaji na wake zao. Atazungumza nao nini? Vifungo? Ataumia yeye kabla yetu sisi. Tafadhali mwite arudi, na jambo hili tusilisikie tena.

Tungependa pia uzipokee tena nguo zetu. Kola za Jaji zina hali mbaya.

Mke wa Jaji


Uani, 28 Aprili 1938

Mke wa Jaji,

Mimi nilikataa kwanza! Usinipokonye hilo. Mwanao aliniomba mwezi wa Machi nikamwambia hapana kwa maandishi, na karatasi anayo, muulize. Wewe unakuja kukataa leo, mwisho wa Aprili. Umechelewa. Panga foleni nyuma yangu.

Huo mchezo wa treni sikuucheza. Barua ya kusema anahamishwa sikuisoma, niliwashia pasi. Nilikwisha mwonya. Kisha nikamchukua mtoto nikampeleka mwenyewe kwa yule yule niliyetaka kumtenga naye. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilicheka peke yangu juzi, leo nimenuna tena.

Sasa hiyo meza yako. Unauliza Sindano atazungumza nini na wake za majaji. Mama, magauni yao yakiwabana nani anayapanua? Wanasimama mbele yake na shimizi, wanamlilia mambo ya nyumbani kwao, anatoa pini mdomoni anawajibu. Hatakosa maneno.

Kinachonizuia mimi si meza. Ni kengele. Ile ndogo ya shaba unayoiweka karibu na sahani yako. Nimeisikia miaka yote nikianika shuka zenu. Unailiza, mtu anaacha alichoshika, anakuja mbio. Sitaki Sindano awe wa kuja mbio. Na zaidi ya hapo, nikwambie nisilomwambia mtu, sitaki awe wa kuiliza. Siku moja nitakuja na kikapu changu, yeye amekaa pale na gauni zuri, atanyoosha mkono aigonge tu kama mnavyoigonga, na mimi nitageuka. Nitageuka kwa mazoea, unaelewa? Hapo ndipo nitakuwa nimempoteza.

Kola zilete. Nilisusa kwa kosa ambalo halikuwepo, na kazi ni kazi. Lakini usichanganye mambo. Nitazipiga pasi watoto hawa wakioana au wasipooana. Mjukuu wangu haingii kwenye kikapu cha kola.

Bibi Dobi


Mji wa karakana, 6 Mei 1938

Bibi, shikamoo.

Mama amenitumia barua yako niisome niirudishe, maana baba anataka kuisoma tena. Nimefika kwenye habari za pasi nikaketi.

Shangazi yake Sindano alinishauri ninyamaze. "Ndiyo ya Bibi unayo mkononi," alisema, "ya nini kuirudisha dukani?" Nilijaribu kunyamaza mpaka chakula cha mchana nikashindwa. Nikamwambia Sindano kwamba hukuwahi kukubali, kwamba yote yalikuwa bahati na mkaa. Aliacha kushona. Akafunika cherehani na kitambaa chake, akasema, "Basi bado ni hapana," akaanza kukunja nguo. Sikumzuia.

Kuhusu kengele sina utetezi. Nimekulia nayo. Siku ya kwanza hapa nilikaa chumbani nikasubiri chai, na nikasubiri sana kabla sijakumbuka kwamba hakuna anayejua nimekaa. Tangu hapo nachemsha mwenyewe. Shati nimejaribu kulipiga pasi. Mgongoni lina alama ya pasi kamili, ncha na yote, kwa hiyo mahakamani sivui koti hata hakimu akivua lake. Nimepanga vyumba viwili nyuma ya duka la shangazi. Kimoja kina dirisha zuri la kuweka cherehani. Nilivipanga kwa ajili ya watu wawili.

Sikuombi kitu, Bibi. Nimeandika ujue kwamba hatukukudanganya, na kwamba anarudi kwako Jumamosi.

Wakili


Mji wa karakana, 7 Mei 1938

Bibi, shikamoo.

Narudi kwa treni ya Jumamosi ya tarehe 14. Sitabishana. Umenilea, sitaolewa nyuma ya mgongo wako, hata kwa mtu huyu.

Ila habari za kichwa kupoa, ulizonifokea ukinifungia sanduku, usiniambie tena. Shida haikuwa kichwani.

Na ile kengele uliyomwandikia mama yake, nimeisoma. Sijawahi kukukasirikia namna hii. Ulidhani ningekaa tu? Mimi ningekuwa nimeshasimama kabla hujavuka kizingiti, ningekupokonya hicho kikapu, tungegombana mbele ya wageni. Hunijui, Bibi? Kwani ulikuwa unamlea nani?

Sindano


Nyumba ya Juu, 9 Mei 1938

Bibi,

Ile barua yako Jaji aliiokota mezani akaisoma kwa sauti mbele ya wageni kabla sijamzuia. Alipofika kwenye foleni alicheka mpaka akavua miwani. Alipofika kwenye kengele hakuna aliyecheka. Baadaye nilitaka chumvi, nikaona haya kuigonga, nikaenda jikoni mwenyewe. Sikujua ilipo. Mpishi alinivutia kiti akidhani naumwa.

Sijakubali. Lakini kuna jambo linanikera, silali vizuri. Umemkataa mwanangu. Hakuna aliyewahi kumkataa mwanangu! Kuna akina mama wa nyumba kubwa wananialika chai bila sababu, na sababu ni yeye. Ana kasoro gani? Amesoma, hanywi, hawezi kusema uongo hata pale unapomfaa. Una haki ya kukataa, lakini nami nina haki ya kujua.

Nitakuja kesho mchana uani kwako. Nitaleta kola.

Mke wa Jaji


Uani, 11 Mei 1938

Mjukuu wangu mkaidi,

Usipande hiyo treni! Barua hii nimempa gadi wa treni mkononi. Nimemwambia asipoifikisha atavaa sare chafu mpaka astaafu, kwa hiyo najua unaisoma.

Yako imenichoma. Vizuri, nilistahili. Kwenye mawazo yangu nilijiona niko peke yangu kwenye ule ukumbi, mimi na kikapu, nikasahau kwamba na wewe una miguu.

Mama yake alikuja jana. Viatu vya visigino vikazama kwenye matope ya maji ya sabuni, nikamvuta mkono kama anatoka kisimani. Wala hakujifuta. Akaanza hapo hapo:

"Mwanangu ana kasoro gani?"

"Anasimama mlangoni."

"Nyingine?"

"Ananiletea nguo safi nifue."

"Hizo ni aibu za kijana. Nataka kasoro."

Nikafikiri. Nikasema, "Hajui kupiga pasi."

"Kwani mjukuu wako unamwozesha kwa pasi?" akasema. "Mama, huyu mtoto ananiandikia kila wiki. Watoto wa wenzangu wanaandika wakitaka kitu!"

Hapo akanikamata, maana hata shangazi yako mimi huniandikia akitaka kitu. Tumekaa mpaka maji ya kusuuzia yakapoa. Nilianza kumweleza habari zako, jinsi ulivyomrudisha mke wa daktari na gauni lake mpaka aombe kwa adabu, akacheka, akasema angependa kuwepo. Kisha nikashtuka. Mwanamke huyu alikuja na kola zake kukataa, sasa ananibembeleza mimi nikubali! Naye akashtuka wakati ule ule, akaangalia viatu vyake.

Nikamwambia wazi kilichonigeuza, na si maneno yake. Kijana wake alikuwa na ndiyo yangu mfukoni. Ya bahati, lakini ilikuwa ndiyo, na wewe uliiamini, na mimi ningeona aibu kuikana mbele za watu. Angeinyamazia akaoa. Ameitoa akakurudishia, akabaki na vyumba viwili na shati lililoungua. Mtu anayekwambia kweli hata ikimtoa yeye mwenyewe nje ya nyumba, huyo hata akiwa na kengele kumi hatakuliza. Mama yake aligeuza uso pembeni kidogo niliposema hivyo, asionekane machozi. Nikajifanya nahesabu vibanio.

Sasa sikiliza. Sijasema ndiyo. Nimesema nakuja. Nataka nivione hivyo vyumba kwa macho yangu, huyo kijana anichemshie chai mwenyewe, na mniulize wote wawili mkiwa mbele yangu, kwa midomo yenu. Mambo ya karatasi nimeyachoka, yanaungua. Nitakachojibu mtakisikia, na nakuonya usianze kulia kabla, utaniharibia.

Mama yake anakuja nami. Tutakuwa kwenye treni ya Jumamosi asubuhi, daraja la tatu. Yeye alitaka la kwanza, nikamwambia benchi la mbao litamnyoosha mgongo. Amekubali, ila anabeba mto.

Mwambie shangazi yako afumue ule uzi mdomoni, nina maneno naye. Na wewe acha kukunja nguo, zikunjue. Halafu pale dukani najua kuna kiti kimoja kirefu cha wateja na kigoda kimoja. Sitaki. Azima viti viwili, uviweke dirishani vikitazamana, uvipime kwa utepe wako kutoka sakafuni. Mimi na huyu mama tutakaa hapo, jicho kwa jicho, tuwasikilize. Kimoja kikizidi, usiweke mto kwenye kifupi. Tafuta msumeno, ukate miguu ya kirefu.

Bibi yako